Mwalimu, peleka picha ya omena

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Nachora tangu utotoni ila sijawahi kusomea sanaa. Jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari ndipo nashika penseli na karatasi ya A3, na mara nyingine rangi za maji za wanafunzi. Kazi zangu huwa naziweka kwenye status ya WhatsApp, basi. Sasa vijana wa mtaa wetu wanaandaa siku ya sanaa katika ukumbi wa jamii mwezi ujao, na wamenigawia mita mbili za ukuta. Nimekutumia picha tatu: akina mama wakianika omena (dagaa wa ziwani) katika ufuo wa Dunga, machweo ziwani, na mchezaji mpira niliyemnakili kutoka picha ya intaneti. Nipeleke ipi? Niweke bei au nionyeshe tu? Na je, sitajiaibisha mbele ya watu waliosomea kazi hii?

JIBU: Mwalimu, peleka ya omena. Zile mbili nyingine ziache nyumbani, na mwezi uliobaki utumie kuchora mbili mpya zinazotoka palepale Dunga. Nitakueleza kwa nini, kisha tuingie kwenye fremu, bei na mambo ya sheria, maana hapo ndipo wasanii wengi wa mitaani kwetu huumia.

Nimeikuza hiyo picha na kuitazama kwa muda. Mama wa kushoto umemchora ameinama juu ya wavu, magoti yamenyooka kabisa, mgongo umekunjikia kiunoni. Hivyo ndivyo wanavyoinama wanawake waliozoea kazi hiyo kwa saa nyingi. Mtu ambaye hajawahi kuwatazama angewachuchumaza, kwa sababu kichwani mwake ndivyo mtu anavyofanya kazi ya chini. Halafu mkono wake: vidole vimeachana, kiganja kinaangalia chini, hashiki samaki bali anawatawanya. Umeuona mkono huo, na umeuchora bila kuupamba. Yule wa tatu aliyesimama na karai kiunoni, ambaye nadhani ulimchora mwisho kwa haraka, ndiye bora kuliko wote. Karai umeliacha jeupe, karibu tupu, na jicho linapumzikia hapo.

Sasa kasoro. Omena umewachora mmoja mmoja, kuanzia miguuni pa huyo mama hadi ukingo wa maji, na kila mmoja umempa mstari wa uzito uleule. Nimeona bidii yako humo, lakini bidii hiyo imeifunika picha. Anayetazama anabanwa na maelfu ya samaki na hapati nafasi ya kuufikia ule mkono. Chukua kifutio laini, kile kinachofinyangika, uwapunguze walio mbali mpaka wawe kivuli kimoja cha kijivu kinachometameta kidogo. Wa karibu waache wachache tu wenye macho na mikia. Omena aliyekauka hung'aa, na kwa penseli mng'ao ni karatasi uliyoiacha nyeupe, kwa hiyo usiogope kuacha sehemu bila kitu. Fanya hivyo kidogokidogo, ukirudi nyuma hatua tatu kila baada ya dakika chache.

Halafu chora hizo mbili. Ya kwanza iwe ya kupima: gorogoro, mikono miwili, mteja anayetaka aongezewe. Ya pili sitakuchagulia, ila nenda jioni wakati nyavu zinakunjwa, au asubuhi kabla yangeyange hawajafukuzwa. Ukiwa na picha tatu za kazi moja, mita zako mbili zitasema jambo. Ukileta moja ya samaki, moja ya jua na moja ya mpira, watu watasema tu kwamba mwalimu anajua kuchora, kisha wapite. Nimepanga maonyesho mengi ya mitaani katika ukanda huu, na kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuleta kila kitu anachokiweza ili athibitishe anakiweza.

Ya machweo si mbaya. Maji umeyapaka vizuri kwa brashi yenye unyevu mwingi, na ule mstari wa mwanga chini ya mashua haukutokea kwa bahati. Lakini jua linalozama nyuma ya mashua kule Hippo Point limechorwa na kila mtu aliyewahi kushika brashi mjini hapa, na nikifunika sahihi yako sitajua ni lako. Endelea kuyapaka kwa ajili ya mkono wako. Siku utakapopata machweo yenye kitu ulichokiona wewe peke yako, yalete.

Ya mchezaji ina tatizo zaidi ya la ladha. Ile picha ya intaneti ilipigwa na mtu, na mtu huyo au chombo cha habari alichokifanyia kazi ndiye mwenye hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuinakili kazi ya mwenzako, hata kwa penseli, kisha kuiuza au kuionyesha hadharani bila ruhusa ni kuingilia haki yake. Kujifunza nyumbani kwa kunakili ni desturi ya zamani na sina ugomvi nayo. Ila angalia pia jinsi kunakili kulivyokunyima nafasi ya kuamua: mwanga uliamuliwa na mpiga picha, pembe aliichagua yeye, na ile sekunde mguu ulipogusa mpira aliikamata yeye. Wewe umebaki na kazi ya kufuatisha. Kwenye omena uliamua kila kitu mwenyewe, ndiyo maana mama yule anasimama kwa miguu yake. Ukitaka kuchora mpira, uwanja uko karibu na shule yako, na wanafunzi wako wanacheza kila siku saa nne.

Sheria hiyohiyo inakulinda wewe pia. Hakimiliki yako inaanza mara tu unapomaliza mchoro wako mwenyewe. Huhitaji kulipia wala kuomba kibali. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka utakaofariki, kwa hiyo hata wajukuu wako watakuwa na neno. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi, na cheti chake ni ushahidi mzuri mkifikishana mbele ya hakimu, lakini haki yenyewe unayo hata bila cheti. Weka picha za hatua za kazi yako kwenye simu, tangu mistari ya kwanza. Zina tarehe, na zimewahi kumaliza mabishano mengi kabla hayajafika mbali.

Umeuliza kuhusu kujiaibisha. Swali hili ulilitia mwishoni, lakini nahisi ndilo lililokufanya uandike.

Kule Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, anaishi Sane Wadu, aliyezaliwa 1954. Alikuwa mwalimu kama wewe. Aliacha kazi akachora, bila kupitia chuo chochote cha sanaa, na mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI jijini Nairobi ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, Edward Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za madukani, juu ya vipande vya hadbodi. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake unaendelea kwa jina lake mpaka leo. Siwataji ili nikwambie uache ualimu. Nawataja kwa sababu wote wawili walianza na walichokuwa nacho mkononi, na walichora wanachokijua. Chuo ni kizuri. Kinakufupishia njia ya mifupa na misuli, ya mwanga, ya historia ya waliokutangulia, na ukipata nafasi ya kozi ya likizo usiikatae. Lakini aliyesomea sanaa akisimama mbele ya picha yako hataona cheti ulichokosa. Ataona ule mgongo. Na mjini petu mwenyewe tazama: mashua za Dunga zenye majina yaliyopakwa kwa mkono, mbao za vinyozi wa Kondele, maandishi ya vibanda vya Kibuye. Kazi hizo zinafanywa na watu wenye mkono thabiti, na wachache sana kati yao wamekanyaga darasa la sanaa. Nikikwambia nani atakuwa mkosoaji mkali zaidi ukumbini, ni mchora mabango. Mtafute, mwamkie, muulize maoni yake.

Kuna jambo ambalo status haiwezi kukupa, na kwa maoni yangu ndilo linalofanya siku hiyo iwe na maana kuliko mauzo. Kwenye simu picha zote ni za ukubwa mmoja. Mchoro wa A4 na ukuta wa shule vinaingia katika kioo kilekile, mtu anavipitisha kwa kidole gumba, anakuwekea moyo, anaendelea na yake. Ukutani ni lazima asogee au asisogee. Kwa hiyo siku hiyo kaa pembeni, hatua nne au tano kutoka kwenye picha zako, na kwa saa ya kwanza usieleze chochote. Tazama miguu ya watu. Wapi wanasimama? Wanasogea karibu kwenye picha ipi? Nani anaita mwenzake aje aone? Mama muuza samaki akisimama mbele ya picha ya kupima na kucheka, hicho ni kipimo ambacho hakuna mwalimu wa sanaa atakayekupa. Watu wakipita moja bila kupunguza mwendo, iandike pia. Baadaye, mtu akikusogelea, usimuulize kama ameipenda, kwa maana adabu yetu itamlazimisha aseme ndiyo. Muulize ameona nini kwanza. Akisema karai, utajua picha inafanya kazi uliyoitaka. Akisema samaki wengi, utajua kifutio hakijamaliza.

Kabla ya yote hayo, lakini, ipeleke picha Dunga. Wale akina mama ni watu, wana sura, wana majirani, na yule wa kulia anatambulika kabisa. Nenda na mchoro wenyewe, usiende na picha kwenye simu. Waamkie, waonyeshe, waambie itatundikwa ukumbini na huenda ikauzwa. Kama mmoja hataki sura yake ionekane, mgeuze uso au umchore upya. Sijui kifungu cha sheria kinachokulazimisha kufanya hivi kwa mchoro wa penseli, lakini siwezi kukushauri vinginevyo. Na utafaidika: watakusahihisha. Watakwambia wavu haukai hivyo, au kwamba saa hiyo ya mchana hakuna anayegeuza omena. Huo ndio uhakiki bora utakaoupata mwaka huu, tena bure. Waalike waje.

Tuje kwenye vifaa. Umesema unatumia penseli na karatasi ya A3, na rangi za maji za wanafunzi. Penseli haififii kwa jua, kwa hiyo hapo uko salama. Wino wa kalamu ya kawaida ya kuandikia na kalamu za felti hupauka ukiwekwa kwenye mwanga, na hata hizo rangi za maji za bei nafuu baadhi yake hupotea upesi, nyekundu na zambarau hasa. Mtu akinunua picha yako akaitundika mkabala na dirisha la Kisumu, jua letu halina huruma. Kwa kazi ya kuuza, baki na penseli au makaa, juu ya karatasi nzito isiyo na tindikali. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia hugeuka manjano. Penseli ikikamilika ipulizie dawa ya kuizuia isichafuke, inayouzwa kwa kazi hiyo. Usitumie ile ya nywele, inabadilisha rangi ya karatasi kadiri miaka inavyopita.

Fremu mpe fundi, na umsimamie. Mambo mawili tu usiyaachie. La kwanza, mchoro usigusane na kioo. Hapa kando ya ziwa hewa ina unyevu, kioo hutoa jasho kwa ndani, karatasi inanata na kuota ukungu. Lazima kuwe na kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ikae kati ya mchoro na kioo, upana wa sentimita 5 kila upande. La pili, mchoro usibandikwe kwa selotepu. Inageuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Shikilia kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi kwenye ukingo wa juu peke yake, ili karatasi ipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Fundi atakwambia gundi pande zote ndiyo imara. Mkatalie kwa upole.

Sasa tupige hesabu ya ukuta. Karatasi ya A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Ukiongeza kadi ya sentimita 5 na ubao wa fremu wa sentimita 2 kila upande, unapata kama 44 kwa 56. Ile ya omena imelala, kwa hiyo upana wake ni 56. Hizo mbili mpya ukizichora zimesimama, kila moja ni 44. Jumla ni 144. Acha nafasi ya 15 kati ya picha na picha, hiyo ni 30 zaidi, unafika 174. Zinabaki 26, yaani 13 kila mwisho. Omena ikae katikati. Katikati pa kila picha, siyo ukingo wake wa juu, pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Wengi hutundika juu mno, kana kwamba wanatundika picha ya rais ofisini. Na kwa sababu ni ukumbi wa mtaa na watoto watajaa, weka meza ndogo chini yake yenye karatasi na penseli za rangi ili mikono yao ipate kazi. Wewe ni mwalimu, hilo utalipanga vizuri kuliko mimi.

Waulize waandaaji ukuta ni wa nini. Kama ni mawe na hawaruhusu misumari, waombe mbao za sofbodi kama zile za matangazo shuleni, au kamba imara inayoshuka kutoka juu. Kila fremu ishikwe kwa ndoano mbili. Upepo wa ziwani huingia mjini baada ya adhuhuri, milango ya ukumbi huwa wazi kwa sababu ya joto la mabati, na fremu iliyoning'inia kwa ndoano moja hupinda mpaka ikaanguka. Kama sehemu yoyote ya maonyesho iko nje, muulize mwandaaji mvua ya jioni ikija picha zinakimbiliwa wapi na nani anazibeba. Asipokuwa na jibu, omba nafasi ya ndani.

Kila picha iwe na lebo: jina lake, kifaa ulichotumia, vipimo ukianza na urefu wa kwenda juu kisha upana, mwaka, na bei. Kama akina mama wa Dunga wanakuja, andika jina la picha kwa Kidholuo pia. Na tia sahihi kwenye mchoro wenyewe, jina linalosomeka. Huenda umepita Tabaka, kule Kisii, ukaona familia nzima zikifanya kazi ya jiwe la sabuni, huyu anachonga, yule anasugua kwa maji mpaka jiwe linateleza. Sanamu zile zimesafiri dunia nzima, na nyingi zimefika huko bila jina la aliyezichonga. Mnunuzi anajua Kenya tu. Ninaumia kila nikiliona hilo.

Bei: weka. Kuonyesha bila bei kunamfanya mtu aliyependa picha aone haya kuuliza, na anaondoka. Sipendi bei ya kukisia, kwa hiyo ichambue hivi. Tuseme fremu ni shilingi 1,500 na karatasi na vifaa 300. Umechora kwa saa 12, na unajilipa 200 kwa saa, ambayo ni kidogo lakini ni pa kuanzia. Hiyo ni 2,400. Jumla 4,200, na hapo hujapoteza kitu. Sasa waulize vijana kama ukumbi utachukua sehemu ya mauzo. Galeria za mijini kwa kawaida huchukua asilimia 30 mpaka 50. Maonyesho ya jamii huchukua kidogo au hayachukui. Tuseme ni asilimia 20. Wengi hapa huongeza asilimia 20 juu ya 4,200 na kuandika 5,040, kisha ukumbi ukikata sehemu yake wanabaki na 4,032 na kushangaa 168 zimeenda wapi. Gawanya 4,200 kwa 0.8, unapata 5,250. Andika hiyo. Na bei iwe moja kwa wote, jirani na mgeni wa Nairobi, hata kama ukumbi haukati chochote wiki ijayo. Mtu akigundua alilipa 5,250 na mwenzake akachukua inayofanana kwa 3,000 kutoka sebuleni kwako, umempoteza yeye na rafiki zake.

Shilingi 5,250 ni pesa nyingi kwa mtaa, najua. Kwa hiyo chapisha kadi ndogo za picha ya omena, za ukubwa wa kiganja, uziuze kwa bei ya chakula cha mchana. Kadi hizo ndizo zitakazoingia nyumba nyingi zaidi. Ili zitoke vizuri unahitaji picha safi ya mchoro kabla haujaingia kwenye fremu: usimamishe ukutani, kivulini nje, kama saa tatu asubuhi, simu iwe sambamba nao kabisa, bila flashi na bila kichujio chochote cha kupendezesha. Karatasi ikitoka ya buluu au ya manjano kwenye simu, rekebisha mpaka iwe nyeupe kama ilivyo mezani.

Sasa nisikilize hapa kwa makini, Mwalimu. Picha ikipendwa, kabla hujatoka ukumbini mtu atakujia na simu yake akuonyeshe sura ya baba au mama aliyefariki na akuombe umchoree kwa ajili ya kumbukumbu. Kwetu huku hilo halikosekani. Ni kazi ya heshima na inalipa, lakini mpokee kwa utaratibu: nusu ya malipo kabla ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na mara ngapi anaweza kuomba marekebisho. Sura ya marehemu haina mwisho wa kurekebishwa kama hukusema mapema, kwa sababu kila mtu wa familia anamkumbuka kivyake. Omba picha mbili au tatu tofauti, na uulize nani aliyezipiga.

Kuna mtego wa kisheria wasanii wengi hawaujui. Kwa kifungu cha 31 cha Sheria yetu ya Hakimiliki, kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Yaani shule ikikuomba uchore ukuta wa darasa, au hoteli ikikuagiza picha ya ziwa, na hamkuandikiana kitu, wanaweza kuichapisha kwenye fulana na kalenda na wewe usidai. Picha uliyoichora kwa hiari yako kisha ukaiuza, kama hiyo ya omena, ni tofauti: mnunuzi anachukua karatasi na fremu, hakimiliki inabaki kwako. Kwa kazi ya kuagizwa, andika kwenye karatasi ya makubaliano kwamba hakimiliki inabaki kwa msanii na mteja ana ruhusa ya kuitundika. Mistari miwili, sahihi mbili, kila mmoja na nakala yake. Hata wakikataa na hakimiliki ikaenda, haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyechora, na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokushushia heshima, inabaki yako.

Weka pia daftari la mauzo: picha gani, nani, lini, bei gani, ameipeleka wapi. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalileta haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara, lakini utaidai vipi kama hujui picha iko kwa nani? Tena daftari hilo litakusaidia siku utakapotaka kuazima picha uliyoiuza ili uionyeshe upya.

Baada ya siku hiyo usisubiri ualikwe tena. Makumbusho ya Kisumu, ambayo yamefunguliwa tangu 1980, yana boma la Kiluo la mfano ambamo mtu anaweza kukaa na kuchora asubuhi nzima, paa la nyasi, vyungu, maghala, bila kusumbuliwa. Waombe wawili watatu utakaokutana nao ukumbini, hasa yule mchora mabango, mkachore pamoja mara moja kwa mwezi, huko au Dunga, kisha mtandaze kazi chini na kuambiana ukweli. Kikundi cha watu wanne kinatosha.

Kwa wiki hii: nenda Dunga na mchoro, halafu uupeleke kwa fundi ukishausafisha, maana mafundi wetu wakisema Ijumaa wanamaanisha Jumatatu. Siku ya kupeleka ukumbini kodi tuktuk, usipande boda. Fremu zisimame wima sakafuni, zikitazamana kioo kwa kioo, kipande cha kadibodi katikati, na wewe ukae ukizishikilia. Fika kabla ya saa mbili na nyundo yako mwenyewe.